Muhali kwa Mwenyezi

Kope za Galen: karne ya 2 hadi ya 5

Kope za macho hazikui kama nywele za kichwani. Zikishafika kimo chake husimama hapo, wala hakuna kinyozi anayeitwa kuzipunguza. Jambo hili dogo lilimshughulisha Galen, tabibu wa Kigiriki aliyezaliwa mwaka 129 katika mji wa Pergamon, ambao leo ni Bergama nchini Uturuki. Katika kitabu chake kikubwa juu ya kazi za viungo vya mwili alieleza kwamba kope zimechomekwa kwenye ukingo mgumu unaofanana na gegedu. Zingepandwa kwenye nyama laini zingelegea na kuliangukia jicho. Ugumu wa pale zilipopandwa ndio unaozisimamisha, na ndio unaozizuia zisirefuke.

Kisha, katikati ya somo la viungo, akamgeukia Nabii Musa. Kwa Musa, alisema, inatosha Mungu kutaka tu: akitaka majivu yawe farasi au ng'ombe, yanakuwa papo hapo. Sisi hatusemi hivyo. Yapo mambo yasiyowezekana kwa asili yake, na Mungu hayajaribu hata kidogo. Katika yanayowezekana huchagua lililo bora. Mungu wa Galen alitaka kope zisikue, akatafuta pa kuzichomeka. Kutaka peke yake kusingetosha.

Warumi walikuwa wameshaligusa swali hili kwa dhihaka. Pliny, aliyekufa mwaka 79 mlima Vesuvius ulipolipuka, aliandika kwamba hata Mungu hawezi yote: hawezi kujiua, jambo ambalo binadamu analiweza, wala hawezi kuifanya kumi mara mbili isiwe ishirini. Kiasi cha miaka mia moja baadaye mwanafalsafa Celsus aliwarushia Wakristo jiwe la aina hiyohiyo. Kila mkibanwa juu ya ufufuo wa miili, aliwaambia, mnakimbilia kusema kwa Mungu yote yanawezekana. Mungu hawezi la aibu, wala hataki lililo kinyume cha asili.

Aliyemjibu ni Origen wa Alexandria, mwaka 248 hivi, akiwa Kaisaria ya Palestina. Msomaji angetarajia atetee uwezo usio na mpaka. Hakufanya hivyo. Alikubali kwamba Mungu hawezi la aibu, kwa sababu Mungu anayeweza la aibu angekuwa anaweza kuacha kuwa Mungu. Kwa hiyo mshitaki na mshitakiwa walikutana hapo. Kilichobaki ni kuamua kama neno "hawezi", likisemwa juu ya Mungu, ni aibu au ni sifa.

Hapa inafaa tulitazame neno lenyewe. Wayahudi wa Alexandria walipoyatia maandiko yao katika Kigiriki, majina ya Mungu ya Kiebrania kama Shaddai na Sabaothi waliyageuza mara nyingi kuwa Pantokrator, yaani mwenye kutawala vyote. Kilatini kikaja na omnipotens, mwenye kuweza vyote. Kutoka kutawala hadi kuweza ni hatua fupi, lakini lile jiwe ambalo kila mwanafunzi mtundu hulitupa mbele ya mwalimu wake wa dini (je, Mungu anaweza kuumba jiwe zito asiloweza kuliinua?) limeokotwa katika hatua hiyo. Mtawala haulizwi kama anaweza kuchora pembetatu yenye pembe nne. Anayeweza yote huulizwa. Kiswahili chetu kimebaki upande wa Kigiriki: Mwenyezi ni mwenye enzi, na tukitaka kutaja uwezo tunaongeza neno jingine, muweza, au kadiri.

Upande wa Kilatini, neno la kutuliza mambo lilitoka Afrika. Augustino, askofu wa Hippo, ambayo ni Annaba ya Algeria ya leo, aliandika katika Mji wa Mungu, kazi aliyoimaliza mwaka 426, kwamba Mungu hapunguziwi kitu kwa kutoweza kufa wala kudanganyika. Angeweza kufa, uwezo wake ungekuwa mdogo zaidi. Yapo asiyoyaweza kwa sababu ni Mwenyezi. Ulaya ikaridhika na jibu hilo kwa karne sita, na swali likahamia kwenye bandari ya Basra.

Mtoto kwenye ukingo wa moto: Basra, Baghdad na Cordoba, karne ya 9 hadi ya 11

Waliolianzisha upya ni Mu'tazila, wanateolojia wa Kiislamu waliojiita watu wa uadilifu na tauhidi. Walikuwa na sababu ya kung'ang'ania uadilifu. Vizazi vilivyowatangulia vilikuwa vimewasikia watawala wa Banu Umayya wakizifunika dhuluma zao kwa kusema kwamba yote yamekwisha kuandikwa na Mungu. Mu'tazila wakajibu kwamba Mungu hadhulumu, na dhuluma ya mwanadamu ni ya mwanadamu mwenyewe.

Hadi hapo walikuwa pamoja. Walipoulizana kama Mungu hadhulumu kwa sababu hataki au kwa sababu hawezi, wakagawanyika ndani ya ukoo mmoja. Abu al-Hudhayl alisema Mungu anaweza kudhulumu ila hafanyi, kwa hekima yake na rehema zake. Mpwa wake na mwanafunzi wake, al-Nazzam, alikataa. Anayedhulumu hudhulumu kwa haja au kwa ujinga, na Mungu hana haja wala ujinga. Basi haisemwi kwamba ana uwezo wa kudhulumu. Wapinzani wake walimbana kwa mfano ambao vitabu vya madhehebu vimeuhifadhi. Mtoto asiye na hatia amesimama kwenye ukingo wa Jahanamu. Malaika wa adhabu anaweza kumsukuma. Mtoto mwenyewe anaweza kujitupa. Kwa kauli yako, ewe Nazzam, ni Mungu peke yake asiyeweza kumtia humo. Je, huyo ndiye Mwenyezi?

Mfano huo ni mkali, na tutakutana nao tena India baada ya miaka elfu moja, umevaa nguo nyingine.

Mtu aliyeupindua mjadala alitoka ndani. Abu al-Hasan al-Ash'ari, aliyezaliwa Basra mwaka 874, alisoma kwa al-Jubba'i, mkuu wa Mu'tazila wa mji ule, hadi alipokaribia miaka 40. Husimuliwa kwamba alimuuliza mwalimu wake habari za ndugu watatu: mmoja alikufa mwema, wa pili kafiri, wa tatu mtoto mdogo. Mwema yuko peponi daraja ya juu, kafiri yuko motoni, mtoto ameokoka ila hana daraja. Mtoto akisema, Mola wangu, ungeniacha nikue nikufanyie ibada? Al-Jubba'i akajibu kwamba Mungu atamwambia: nilijua ungekua ungeasi, nikakufisha kwa maslahi yako. Na yule kafiri akipaza sauti toka motoni, akauliza kwa nini yeye hakufishwa mdogo? Mwalimu hakuwa na jibu. Haijalishi kama mazungumzo yale yalikwenda hivyo neno kwa neno. Mwaka 912 hivi al-Ash'ari alijitenga, na fundisho lake likaja kuwa la Waislamu wengi wa Kisunni, wa pwani yetu wakiwemo.

Fundisho lenyewe ni kwamba dhuluma ni kuvuka mpaka uliowekwa na aliye juu yako, au kutumia mali isiyo yako. Mungu hana aliye juu yake, na vyote ni mali yake. Alitendalo ndilo haki. Swali la kama anaweza kudhulumu linapotea, maana hakuna tendo lake liwezalo kuitwa dhuluma. Ni jibu safi, na mimi husita mbele yake kwa sababu ya usafi huo: likimwokoa Mungu na mashitaka, linaliacha neno "mwema" bila kitu cha kushika.

Al-Ghazali, aliyeandika Tahafut al-Falasifa mwaka 1095 hivi, aliutumia uwezo huo wa Mungu usio na mshitaki dhidi ya wanafalsafa. Pamba ikigusana na moto huungua, lakini moto hauna kazi yake wenyewe. Mungu ndiye anayeumba kuungua, na anaweza kuugusanisha moto na pamba isiungue. Hata hivyo aliweka mpaka, na mpaka huo hutajwa mara chache. Muhali, alisema, ni kukithibitisha kitu na kukikanusha kwa pamoja, na muhali haumo ndani ya uwezo.

Yupo aliyekwenda mbali kuliko al-Ghazali. Ibn Hazm wa Cordoba, aliyefariki mwaka 1064, aliulizwa swali ambalo kwa Mwislamu ni la kutetemesha: je, Mungu anaweza kujifanyia mwana? Alijibu kwamba anaweza. Hakutaka, na hatafanya, lakini kusema hawezi ni kumtia udhaifu. Wanazuoni wengi waliokuja baadaye walilipinga jibu hilo. Mwaka mmoja hivi baada ya kifo chake, ng'ambo ya bahari, mtawa ambaye hakuwahi kumsikia aliandika barua yenye roho ileile.

Meza ya watawa: Monte Cassino, 1065

Petro Damiano alikuwa kardinali aliyependelea upweke wa watawa kuliko ukubwa. Siku moja alikuwa mezani Monte Cassino pamoja na abate Desiderius, ambaye miaka ishirini baadaye angekuwa Papa Victor III. Mazungumzo yakafika kwenye barua ya Mtakatifu Yeronimo kwa binti aitwaye Eustochium, ya mwaka 384. Ndani yake Yeronimo anathubutu kusema kwamba Mungu, pamoja na kuweza yote, hawezi kumrudishia bikira ubikira wake ukishapotea.

Damiano alisema hajapata kuipenda kauli ile. Desiderius akaitetea: Mungu hawezi kwa sababu hataki. Basi, akajibu Damiano, kama asilolitaka halipo katika uwezo wake, Mungu hawezi lolote ila alilokwisha kulifanya, na mvua isiponyesha leo tuseme ameshindwa kuinyesha. Chakula kiliisha, ubishi haukuisha. Alipoondoka aliwaandikia watawa wale barua ndefu, inayojulikana leo kwa jina la Juu ya Uwezo wa Mungu.

Barua inakwenda mbali kuliko bikira wa Yeronimo. Kama Mungu anaweza kuufuta upotevu, je, anaweza kuifanya Roma, iliyokwisha kujengwa, iwe haijapata kujengwa? Damiano anazunguka, na wasomi hadi leo wanabishana alitua wapi. Ila hoja yake kuu inaeleweka: kwa Mungu hakuna jana. Yote yako mbele yake katika leo moja isiyopita, kwa hiyo alichokiweza kabla Roma haijajengwa anakiweza bado. Na kama kanuni za mantiki zinapinga, mantiki ni mjakazi. Haimtangulii bibi yake njiani.

Najiuliza kwa nini jambo hilo lilimchoma hivyo. Nadhani jibu liko kwa yule bikira aliyeanguka. Damiano alitumia maisha yake kuwarudisha watu walioanguka, na "hawezi" ya Yeronimo ilimfungia mlango mtu fulani.

Kutoka Paris hadi Tlemcen

Thomas wa Akwino alipelekwa Monte Cassino akiwa mtoto wa miaka mitano hivi, akalelewa katika kuta zilezile. Katika kitabu chake kikuu cha teolojia, alichoanza kukiandika mwaka 1265 au 1266, alilijibu swali la mezani kwa upole: Mungu anaweza kumrudishia bikira usafi wa roho na wa mwili, asichoweza ni kufanya iwe kwamba hakuupoteza. Kisha akatoa jibu ambalo shule za Kikatoliki zinalifundisha hadi sasa. Kitu kinachojipinga chenyewe si kitu. Mduara wenye pembe haukosekani kwa sababu Mungu ameshindwa kuuumba, bali kwa sababu hakuna cha kuumbwa. Na dhambi je? Kutenda dhambi ni kupungukiwa katika kutenda. Mwenye uwezo wote hapungukiwi.

Paris haikutulia kwa jibu hilo. Tarehe 7 Machi 1277 askofu Étienne Tempier alizilaani kauli 219 zilizokuwa zikifundishwa mjini, na miongoni mwake zilikuwamo zilizosema Mungu hawezi kuumba zaidi ya dunia moja, na kwamba hawezi kuzisogeza mbingu kwa mstari ulionyooka kwa sababu pangebaki utupu. Matokeo yake yalikuwa ya ajabu kidogo. Kwa kukatazwa kusema Mungu hawezi, wanafalsafa walilazimika kufikiria dunia nyingi na utupu, mambo ambayo Aristotle alikuwa ameyafunga. William wa Ockham, aliyefariki mwaka 1347, alifika hadi kusema kwamba Mungu angeweza kuamuru achukiwe, na kumchukia kungekuwa kutii. Al-Ash'ari angemwelewa bila mkalimani.

Baadaye sana, mwaka 1630, mwanafalsafa Descartes alimwandikia rafiki yake Mersenne kwamba hata kweli za hesabu Mungu ameziweka kama mfalme anavyoweka sheria katika ufalme wake, na alikuwa huru kufanya nusu vipenyo vya mduara visiwe sawa. Leibniz alijibu mwaka 1686 kwa swali ambalo sijaona likipanguliwa: kama angesifiwa sawasawa kwa kufanya kinyume, tunamsifu kwa lipi?

Lakini jibu lililotufikia sisi wa pwani halikutoka Paris. Lilitoka Tlemcen, Algeria tena, kwa Muhammad al-Sanusi, aliyefariki mwaka 1490. Katika risala yake fupi ya itikadi alizipanga hukumu za akili katika mafungu matatu: wajibu, ambalo halikosi kuwa, muhali, ambalo haliwi kamwe, na jaizi, ambalo laweza kuwa au lisiwe. Mungu ana sifa 20 za wajibu, kinyume chake 20 ni muhali, na lililo jaizi kwake ni moja, kufanya au kuacha kila kinachowezekana. Kudura, yaani uwezo, ni sifa ya saba, na kudura hushughulika na jaizi tu. Ingeshughulika na muhali, alisema al-Sanusi, ingeweza kujiondoa yenyewe. Alimtaja Ibn Hazm kuwa mfano wa asiyeelewa hilo.

Mpango huu uliimbwa. Vitabu vya kuhifadhi kama Aqidatul Awam, utenzi wa Kiarabu wa karne ya 19, viliupeleka kila ulikofika Uislamu wa Kishafi. Mtoto wa chuoni Lamu au Unguja, mbao ziko mapajani, mwalimu ameshika henzerani, anazitaja sifa 20 na kinyume zake kwa mkupuo mmoja, na anapolitamka neno muhali ameshajibu lile swali la jiwe, ingawa huenda hajaulizwa bado. Neno hilo limo pia katika Kiswahili cha kila siku. Dalali akikwambia bei hiyo ni muhali, anatumia neno lilelile la al-Sanusi.

Muhammad wa pili: Delhi na Bareilly, 1820 hadi 1907

Hakuna mahali swali letu liliposhuka mitaani kama India Kaskazini. Shah Ismail wa Delhi, mjukuu wa mwanazuoni mkubwa Shah Waliullah, alichukizwa na watu waliokuwa wakiomba haja kwenye makaburi ya mawalii kana kwamba mawalii wana sehemu katika enzi ya Mungu. Katika miaka ya 1820 kitabu chake cha Kiurdu, Taqwiyat al-Iman, kilisambaa kwa lugha ambayo hata muuza duka aliielewa. Ili kuonyesha umbali uliopo kati ya Mungu na viumbe, aliandika kwamba Mfalme huyu, akitaka, kwa amri moja ataumba mamilioni ya manabii, na malaika na watu walio sawa na Jibrili na Muhammad.

Sentensi hiyo moja ilitosha. Fazl-e-Haq wa Khairabad, bingwa wa mantiki aliyefanya kazi katika ofisi ya Waingereza Delhi, aliijibu kama anayefunga hesabu. Mungu amesema Muhammad ni wa mwisho wa manabii. Akija wa pili aliye sawa naye, naye atakuwa wa mwisho, na kauli ya Mungu itakuwa uongo. Uongo ni aibu, na aibu ni muhali kwa Mungu. Kwa hiyo Muhammad wa pili ni muhali kwa dhati yake, wala kudura haimgusi.

Hivyo mjadala juu ya makaburi ukageuka kuwa mjadala juu ya uongo. Shah Ismail alijibu kwa risala iitwayo Yak Roza, yaani ya siku moja. Mwanadamu anaweza kutunga sentensi isiyolingana na mambo yalivyo. Kama Mungu hawezi, basi uwezo wa mwanadamu umeuzidi wake. Tena, mkweli husifiwa kwa kuwa angeweza kusema uongo na akaacha. Bubu hakuna anayemsifu kwa kutosema uongo. Mungu hasemi uongo kamwe, lakini usifanye ukweli wake kuwa ububu. Huyo ni yule mtoto wa Basra amerudi, anayeweza kujitupa motoni mahali ambapo Mungu hawezi kumtupa. Na mfano wa bubu, kwa maoni yangu, ndio hoja nzito kuliko zote zilizowahi kutolewa na upande ule, Damiano na Ockham wakiwemo.

Fazl-e-Haq alimtaka rafiki yake amsaidie kwa shairi. Rafiki huyo alikuwa Ghalib, aliyezaliwa mwaka 1797 kama yeye, mpenzi wa mvinyo na kamari, ambaye hakuwa na hamu na ugomvi wa masheikh. Akatunga kwa Kiajemi. Katika dunia hii, alisema, hakuna wa mwisho ila mmoja. Lakini Mungu anaweza kuumba dunia nyingine, na kila dunia ikawa na nabii wake wa mwisho. Bila kujua, alikuwa amesimama upande wa askofu Tempier wa Paris. Fazl-e-Haq hakufurahi, maana mlango alioufunga kwa mantiki, Ghalib alikuwa ameufungua tena. Akamwagiza arekebishe, na mshairi, kwa ajili ya urafiki, akaongeza kwamba hata zikiwa dunia elfu, wa mwisho ni yule mmoja.

Shah Ismail aliuawa Balakot mwaka 1831 akipigana na majeshi ya Masingasinga. Fazl-e-Haq alishitakiwa kwa kuunga mkono uasi wa 1857, akapelekwa visiwa vya Andaman na kufia huko mwaka 1861. Waliokufa hawakuondoka na swali lao. Mwaka 1866 chuo cha Deoband kilianzishwa na watu waliomheshimu Shah Ismail. Mwaka 1887 mmoja wao, Khalil Ahmad wa Saharanpur, aliandika kwamba suala la uwezekano wa uongo si jipya: ni tawi la suala la kale kama Mungu anaweza kuacha kutimiza tishio lake la adhabu. Ahmad Raza Khan wa Bareilly akapinga kwa risala nzima, kisha mwaka 1906 akatoka Makka na Madina na fatwa zilizowakufurisha wakuu wa Deoband, mmoja wao akishitakiwa kwamba alisema uongo umetokea hasa kwa Mungu. Deoband wakakana. Mwaka 1907 waliandika kwamba asemaye Mungu husema uongo ni kafiri kwao pia, na kwamba wao walizungumzia uwezo tu, wala si tukio.

Kati ya "anaweza ila hafanyi" na "hawezi" pameota misikiti miwili katika mtaa mmoja, India, Pakistan, hadi Afrika Kusini na Uingereza. Si kwa sababu ya jambo hili peke yake, lakini limo.

Neno lisilorudi: Unguja, Muscat na Regensburg

Lile tawi alilolitaja Khalil Ahmad, la tishio la Mungu, Waunguja walikuwa wanaishi nalo. Mashafi, kwa njia ya al-Ash'ari, hufundisha kwamba Mungu akimtishia mwenye dhambi kubwa anaweza kumsamehe, na kusamehe baada ya kutisha ni ukarimu. Maibadhi, madhehebu ya masultani wa Oman na Zanzibar, hufundisha kwamba aliyekufa bila kutubu dhambi kubwa atadumu motoni, kwa kuwa Mungu habadili neno lake, la ahadi wala la tishio. Mtu aliyelitetea fundisho hili kwa nguvu zaidi katika zama zetu ni Sheikh Ahmed bin Hamad al-Khalili, aliyekulia Zanzibar, akahamia Oman mwaka 1964 baada ya Mapinduzi, na kuwa Mufti Mkuu huko mwaka 1975. Kitabu chake al-Haqq al-Damigh kinashughulikia masuala matatu, na hili ni mojawapo.

Tarehe 12 Septemba 2006 Papa Benedikto XVI alitoa mhadhara katika chuo kikuu cha Regensburg, Ujerumani, alipowahi kufundisha. Kiini chake kilikuwa swali letu: kutenda bila kufuata akili ni kinyume cha dhati ya Mungu, au siyo? Alianza na mazungumzo ya mfalme wa Bizanti, Manuel II Palaiologos, na Mwajemi mmoja msomi, ya karibu na mwaka 1391, pamoja na maneno makali ya mfalme huyo juu ya Mtume Muhammad. Kisha akamtaja Ibn Hazm kuwa mfano wa Mungu asiyefungwa hata na neno lake mwenyewe. Alisema pia kwamba Ukristo nao ulipata wanateolojia wa namna hiyo kuanzia Duns Scotus, lakini sehemu hiyo haikusikika, kwa kuwa maneno ya Manuel yalikuwa yameshazunguka dunia na watu wako barabarani. Tarehe 17 Septemba, Sista Leonella Sgorbati, Mwitalia wa shirika la Consolata aliyeishi Kenya miaka mingi akifundisha wauguzi, alipigwa risasi Mogadishu pamoja na mlinzi wake Mwislamu. Wengi waliyahusisha mauaji yale na mhadhara.

Mwezi uliofuata wanazuoni 38 wa Kiislamu walimjibu Papa kwa barua ya wazi. Kuhusu Ibn Hazm walimwambia kwamba amechagua mtu wa pembeni, wa madhehebu ambayo leo hayana wafuasi, na kwamba angemtazama al-Ghazali. Wakaongeza kwamba Mungu wa Qurani amejiandikia rehema juu ya nafsi yake. Miongoni mwa majina 38 yaliyowekwa chini ya barua hiyo limo la Sheikh Ahmed bin Hamad al-Khalili, Mufti wa Oman, mzaliwa wa Zanzibar, 1942.